Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: vinundu, kingo za ngazi na sakafu isiyoteleza kwa tunaojenga majengo ya chuo Mtwara na Lindi

Mi kazi yangu ni kusimamia finishi kwenye saiti, yaani mapaa yakishaezekwa na plasta ikishakauka ndo naingia mimi na mafundi wa vigae, terazo (sakafu ya saruji na vipande vya mawe iliyosuguliwa) na rangi. Huku kusini ujenzi wa vyuo umeongezeka, Lindi ndiko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, Mtwara nako vyuo vinaongeza madarasa na hosteli, kwa hiyo maswali ninayopigiwa simu ni yaleyale kila wiki. Nimeona niyaandike yote sehemu moja, mtu akiuliza namtumia.

Hivi vinundu vya njano kwenye sakafu ni nini hasa? Si urembo?

Si urembo kabisa, na hapo ndipo makosa yote yanapoanzia. Ile ni lugha, na ina maneno mawili tu. Vinundu vya duara vinasema "simama, kuna kitu mbele": ngazi, barabara, ukingo. Mistari mirefu iliyoinuka inasema "njia iko huku, fuata". Mtu asiyeona anayasoma kwa fimbo nyeupe na kwa unyayo, mwenye uoni hafifu anayasoma kwa rangi.

Aliyebuni ni Mjapani mmoja, Seiichi Miyake, mwaka 1965, na njia ya kwanza iliwekwa Okayama, Japani, tarehe 18 Machi 1967 karibu na shule ya wasioona. Leo kuna kiwango cha kimataifa, ISO 23599, na vinundu vya Tokyo na vya London vinafanana. Madukani wengine wanaviita taktaili, wengine vigae vya wasioona, ukisema vinundu fundi yeyote ataelewa.

Chuo chetu kina wanafunzi wasioona wawili watatu tu, kuna haja ya gharama yote hii?

Swali hili linaniuma lakini nalijibu kila mara kwa sababu wanaouliza wengi hawana nia mbaya. Kwanza hao wawili watatu wamelipa ada kama wengine. Pili wachache mnaowaona ni wale waliofaulu kuvumilia, kuna waliofika siku ya kwanza, wakaangalia ngazi, wakarudi nyumbani Newala au Nachingwea.

Tatu, Tanzania ni kati ya nchi zenye watu wengi wenye ualbino duniani, inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400, na karibu wote wana uoni hafifu na mwanga mkali unawatesa. Sasa fikiria koridoo ya chuo, vigae vyeupe vinang'aa, jua la saa sita la Mtwara linapiga pale chini, mtu yule haoni ngazi inaanzia wapi, anaona mng'ao tu. Ongeza mhadhiri mzee, ongeza mama mjamzito asiyeona miguu yake, ongeza umeme ukikatika saa moja jioni watu wanatoka kwenye kipindi wote kwa pamoja. Ukingo wa ngazi unaoonekana unawasaidia wote hao.

Na sheria ipo. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kabla yake mwaka 2009 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inazungumzia ufikikaji wa majengo. Kwa hiyo hili si suala la huruma, liko kwenye sheria ya nchi.

Viwekwe wapi?

Vinundu: juu na chini ya kila ngazi, mbele ya rampu inayoanza ghafla, mahali njia ya miguu inapokutana na barabara bila ukingo wa kushuka, na chini ya ngazi zile zilizo wazi kwa chini ambapo mtu anaweza kuingia akagonga kichwa. Hii ya mwisho inasahaulika sana, na fimbo haiwezi kuiona kwa sababu fimbo inasoma chini, kichwa kinapigwa juu.

Usivibane kwenye ukingo wenyewe wa ngazi. Acha kama milimita 300 kutoka kidato cha kwanza, halafu kina cha vinundu kwa upande mtu anakotembelea kiwe karibu milimita 600. Sababu ya 600 ni hatua ya mtu. Ukiweka mstari mwembamba wa milimita 150 mtu anauruka bila kuukanyaga, anashtukia yuko hewani. Na viende upana wote wa ngazi, sio katikati tu.

Mistari ya njia: kutoka getini au mlango mkuu hadi mapokezi, lifti, ngazi na vyoo, na sehemu kubwa zilizo wazi kama ukumbi au uwanja kati ya majengo, kwa sababu pale katikati mtu hana ukuta wa kushika. Koridoo nyembamba yenye ukuta msafi pande zote haihitaji mistari, ukuta wenyewe ni mwongozo, fimbo inaufuata. Hela ya pale ipeleke nje kwenye uwanja.

Na wapi visiwekwe?

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana bora usiweke kabisa kuliko kuweka vibaya. Kigae kilichowekwa vibaya kinamdanganya mtu ambaye hana namna nyingine ya kuhakiki.

Kuna jengo moja la chuo, sitataja, niliitwa kurekebisha vigae vilivyobanduka. Nikakuta mistari ya njia imenyooka vizuri sana kutoka mlangoni, inapendeza kwenye picha, halafu inaishia kwenye nguzo. Nguzo ya zege. Aliyechora aliichora kwenye mchoro wa zamani kabla nguzo haijahamishwa, fundi akafuata karatasi, msimamizi akasaini. Kijana mmoja wa mwaka wa pili, haoni, akaniambia "fundi, mi hiyo njia siifuati tena, natembea pembeni yake, niliigonga ile nguzo na paji la uso wiki ya kwanza". Alishaacha kuiamini sakafu. Ukishamfanya mtu asiiamini sakafu umemharibia hata ile iliyowekwa vizuri jengo la jirani.

Kwa hiyo: usiweke vinundu kwenye kila mlango, usijaze baraza zima kwa sababu vimebaki, usitumie mistari kama mpaka wa rangi, usizungushie bustani. Na baada ya kukabidhi, njia isigeuzwe sehemu ya kuweka mabenchi, vyungu vya maua, mbao za matangazo au kuegesha bodaboda. Kila upande wa njia acha angalau milimita 600 bila kitu.

Lazima vinundu viwe vya njano?

Hapana. Kinachotakiwa ni tofauti kati ya kigae na sakafu inayokizunguka. Wataalamu wanapima uakisi wa mwanga kwa alama 0 mpaka 100, na kipimo kinachotumika sana ni tofauti ya angalau alama 30. Njano juu ya zege la kijivu iliyokolea inaonekana vizuri. Njano juu ya vigae vya krimu, ambavyo ndo vinapendwa huku, karibu haionekani kabisa, pale bora uweke nyeusi au kijivu cheusi.

Njia rahisi saitini: weka sampuli chini, piga picha na simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ikipotea kwenye picha na mwenye uoni hafifu itampotea. Fanya asubuhi, fanya mchana jua likiwa kali, kisha mwagia maji urudie, maana vitu vingi hubadilika rangi vikilowa. Picha haichukui nafasi ya kipimo chenyewe ila inakuokoa kununua kontena zima la rangi isiyofaa.

Angalizo kwa wapenda stenlesi: vile vibati vidogo vya duara vinavyong'aa, kimoja kimoja, vinaakisi jua na kwa macho vinachanganyikana na sakafu. Ndo maana Australia vinundu vya kimoja kimoja vinatakiwa tofauti kubwa zaidi, asilimia 45, wakati kigae kizima chenye rangi moja ni asilimia 30.

Stenlesi, plastiki au zege, ipi inadumu hewa yetu ya bahari?

Swali zuri na jibu lake la Dodoma si jibu la Mtwara. Hapa Shangani, Mikindani, Lindi mjini, upepo unakuja na chumvi. Chumvi inakula chuma. Stenlesi daraja la 304 inayouzwa kila mahali, nje karibu na bahari itaanza madoa ya kahawia kama chai. Omba daraja la 316, ile ina molibdenamu ndani yake kama asilimia 2 hadi 3, na ndiyo inayohimili chumvi. Usijaribu kuzitofautisha kwa sumaku, zote mbili sumaku haizishiki vizuri. Dai cheti cha kiwanda, na iandikwe kwenye BOQ (orodha ya vifaa na kazi za mkataba) kabisa "daraja 316", si "stenlesi" tu, maana mkandarasi ataleta ya bei rahisi na atakuwa hajavunja mkataba.

Kitu kingine hakizungumzwi: chuma juani kinachoma. Wanafunzi wengi huku wanavaa kandambili, na wanaovua viatu karibu na msikiti wa chuo wanakanyaga peku. Nje mi sipendi chuma.

Plastiki, hasa polyurethane, ni nzuri ndani na sehemu zenye kivuli. Nje hakikisha imetengenezwa kuhimili jua, na imegundishwa uso wote, la sivyo joto linaitanua, kona zinainuka, na kona iliyoinuka ni mtego wa kujikwaa kwa kila mtu.

Zege kwa nje ndo chaguo langu. Saruji ipo hapahapa Mtwara, mafundi wa pevingi wapo, unachohitaji ni moldi sahihi yenye vinundu vya urefu wa milimita 4 hadi 5. Chini ya hapo mguu hausikii, hasa mwenye viatu vya soli nene, juu ya hapo watu wanajikwaa. Rangi ichanganywe kwenye saruji ya tabaka la juu, usipake rangi ya mafuta baadaye, itachubuka na ikilowa inateleza.

Kingo za ngazi nazo ni sehemu ya hii?

Ni sehemu, na kama hela inatosha kitu kimoja tu ningeanza na hizi. Watu wengi wanaanguka wakishuka, na wengi wanakosea kidato cha kwanza au cha mwisho. Ngazi ya terazo ya rangi moja, ukiwa juu unaangalia chini, inaonekana kama mteremko laini. Nilimwona binti akidhani amefika chini kumbe bado kidato kimoja, alivunjika kifundo cha mguu na mitihani ikampita. Ngazi ile haikuwa na mstari hata mmoja.

Unachotaka ni utepe wa rangi tofauti, upana milimita 50 hadi 75, kwenye ukingo wa kila kidato, toka mwisho hadi mwisho. Kila kidato, usiruke. Na usichore mistari mitatu kwenye kidato kimoja, inamchanganya mtu asijue ukingo halisi ni upi.

Nozingi, yaani vipande vya kufunika ukingo wa kidato, za alumini zenye mpira au chembe ngumu za kukwaruza katikati ni nzuri ndani. Zifungwe kwa skrubu na gundi pamoja, skrubu ziwe stenlesi, na zikiwa nje karibu na bahari ujue alumini na stenlesi zikigusana kwenye maji ya chumvi alumini inaliwa, kwa hiyo tenganisha kwa gundi au washa (vile vipete vya kuweka chini ya skrubu) za plastiki. Kwenye terazo kuna njia ya wazee wetu, kuchimba mfereji na kujaza mchanganyiko wa kaborandamu, chembe ngumu sana za kukwaruza, majengo mengi ya zamani bado yanazo na hazijachoka. Zile tepu za kubandika zenye mchanga ni za muda, nje zinabanduka mapema sana, usizihesabu kama kazi iliyokwisha.

Nitajuaje vigae havitelezi?

Usipime kwa kupapasa na mkono dukani. Kuna kipimo cha pendulamu, mkono wenye mpira unabembea ukisugua sakafu iliyolowa. Kwa mwongozo unaotumika Uingereza, 36 kwenda juu hatari ya kuteleza ni ndogo, 25 hadi 35 ni ya kati, chini ya 25 ni kubwa. Andika kwenye BOQ "36 au zaidi ikiwa imelowa". Neno "imelowa" ndo lenye thamani, maana kigae karibu chochote kikiwa kikavu na kisafi hakitelezi.

Kwenye boksi utakuta pia alama nyingine za kuteleza, R9, R10 mpaka R13. R9 watu wanaiona 9 wanadhani ni alama nzuri, kumbe ndiyo ya chini kabisa kwenye orodha.

Na hali ya hewa yetu uiweke akilini. Mvua kusini ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na koridoo za vyuo vyetu ziko wazi upande mmoja ili upepo upite. Upepo ukipita na mvua inapita. Kwa hiyo koridoo ya ghorofa ya pili ihesabu kuwa ni nje. Kiangazi nacho mchanga mkavu juu ya kigae kinachong'aa unateleza kama gololi, weka mkeka wa kufutia miguu uliozama sawa na sakafu mlangoni.

Vinundu havimsumbui mtu wa kiti mwendo au wa magongo?

Vinasumbua kidogo, ndiyo, na ndo sababu nyingine ya kutovimwaga kila mahali. Njia ya mistari iwe pembeni ya njia pana, si kuijaza yote. Kwa wa magongo tafuta vinundu vyenye kichwa kilichokwaruzwa, si laini, maana mpira wa gongo juu ya chuma laini kilicholowa unakimbia. Na rampu yenyewe iwe sawa kwanza: mteremko wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 45 unahitaji mita 5.4. Rampu kali huwezi kuitibu kwa kubandika kitu.

Fundi wangu wa vigae anaweza kuifanya?

Anaweza akielekezwa. Zege jipya lipewe siku 28 na liwe kavu kabla ya kubandika chochote kwa gundi. Vumbi lote litoke, kwa brashi na mashine, maana gundi ikishika vumbi haijashika sakafu. Vya kimoja kimoja vinatobolewa kwa kutumia fremu yenye matundu ili vikae mraba, kisha epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, ndani ya tundu. Fundi akikwambia atapima kwa macho, mkatalie kwa upole, safu ikipinda na fimbo inapinda nayo.

Tunapigaje hesabu ya vifaa?

Mfano ngazi ya upana mita 1.8, vidato 20 na tuta la kupumzikia katikati, handreili haijakatika. Vigae vya milimita 300 kwa 300: safu 2 kwa kina, 6 kwa upana, ni 12. Juu 12, chini 12, jumla 24. Kwenye tuta, kama handreili inaendelea bila kukatika, mkono unamwongoza, unaweza kuacha.

Nozingi ni 20 mara 1.8, mita 36. Hapa wengi wanaagiza bar 12 za mita 3 wakidhani zinatosha. Kila bar inatoa kipande kimoja cha 1.8 na kinabaki 1.2 kisichofaa, utahitaji bar 20 na mita 24 zitakuwa mabaki. Omba zikatwe kwa kipimo kiwandani, au zije za mita 3.6 utoe mbili kamili. Agiza na spea za toleo hilohilo, rangi ya mwaka kesho haitafanana.

Nani akague kabla ya kukabidhi?

Mhandisi akague, msanifu akague, lakini wa mwisho awe mtu anayeitumia. Ongeeni na SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu), Chama cha Wasioona au Chama cha Watu wenye Ualbino, au wanafunzi wenu wenyewe, waje mapema vigae vikiwa bado vimelazwa bila gundi. Mwache atembee peke yake toka getini hadi chooni, usimshike mkono, usimwambie "kulia kidogo". Anaposita, weka alama ya chaki. Walipeni nauli na muda wao kama mnavyomlipa konsalta, maana ndiyo kazi waliyofanya.

Usafi je?

Wahudumu wa usafi waelekezwe siku ya kukabidhi. Sabuni isuuzwe mpaka iishe, utando wa sabuni ndo unaoteleza. Waksi ya kung'arisha isipigwe koridoo wala ngazi. Kati ya vinundu tumia brashi ngumu, mchanga ukijaa pale vinapotea.

Jengo letu limeshakwisha na hela hakuna, tuanzie wapi?

Anza na kidato cha juu na cha chini kabisa vya kila ngazi, kisha vidato vya katikati, kisha vinundu juu ya ngazi. Wiki hiyohiyo, bila senti, hamisha mabenchi na vyungu vilivyo njiani na muwaombe wa bodaboda waegeshe kwingine. Kama mna mistari inayoelekea pabaya, ing'oeni hata kama hamna ya kuweka badala yake.